Nukta Mbili Nyekundu

Kwanza lilikuwa sanduku tu, jeusi, kimo cha mtungi mdogo wa gesi.
Otiato alilinunua kwa elfu nne na mia mbili,
akalipandisha ngazi nne hadi kwetu, Zimmerman,
kama mtu anayetoka hospitali na kifungua mimba wake.
Akalisukuma konani, chini ya meza ya kompyuta,
akachomeka waya, akatutazama mimi na Wanza,
akasema: Sikieni.

Hatukusikia. Tulitikiswa.

Vifuniko vya sufuria vikaanza kusengenyana.
Gilasi mbili za harusi ya dada yake Wanza
zikasogeleana kabatini, ti, ti, ti.
Besi haina adabu ya sauti nyingine,
haibishi hodi;
inapenya ukutani kama deni,
inakukuta umejilaza, inakukalia kifuani.

Mimi hutoka zamu ya usiku na mchanga machoni.
Saa mbili asubuhi, nikivuta shuka,
yeye ndiyo kwanza anaketi kuchanganya kwaya ya Githurai.
Watu thelathini wanamsifu Mungu
na ninachopata mimi ni gitaa moja,
du, du, du, mpaka kwenye meno ya juu.

Debe tupu haliachi kuvuma, tuliambiwa.
Hili lina tundu nyuma. Nilichungulia.
Tupu kweli.

Jumamosi nikamwambia. Si kwa hasira,
hasira niliimalizia kwenye mto Jumatano.
Akasema, "Lakini nimepunguza."
Na kweli alikuwa amepunguza, kitufe cha mbele,
kile cha sauti yote:
kwaya imebaki mnong'ono
na besi imekaa palepale, kama mwenye nyumba.

Basi tukapiga magoti, watu wazima watatu,
tochi ya simu, vumbi, buibui mmoja,
kalamu iliyopotea tangu Pasaka.
Huko nyuma kulikuwa na kitufe cha pili.
Hakuna aliyewahi kukigusa;
kilitoka kiwandani kimezungushwa hadi mwisho.
Tukakirudisha, kidogo, kidogo tena.
Tukalitoa sanduku konani, maana kona hukuza maneno.
Tukaliweka juu ya kigae cha saruji,
kigae juu ya kipande cha godoro kuukuu,
na Wanza akaziba tundu kwa soksi
ya kijani, isiyo na mwenzake.
Soksi ilipoingia, Otiato aligeuza uso.

Kisha tukasikiliza.
Nikasikia maneno ya wimbo, mara ya kwanza.
Nikasikia mwanamke mmoja, sauti ya tatu,
anayechelewa kidogo kila mwisho wa ubeti.
"Huyo ni mamangu," akasema Otiato.
Hata yeye alikuwa hajamsikia.

Siku tatu nililala kama gunia.
Ya nne, hodi.
Nyaboke wa chini, mtoto begani,
macho mekundu kuliko yangu.
Nikaanza kuomba radhi kwa miezi yote iliyopita.
Akanikata: "Ile kitu yenu imeharibika?"
Imeharibika vipi?
"Huyu alikuwa analala nayo. Tangu azaliwe.
Sasa ikifika saa nane mchana ananyamaza,
anaangalia dari. Anangoja.
Dari haisemi kitu. Ndiyo analia."

Hatukuwa na jibu.
Wanza akaenda chumbani, akarudi na rangi ya kucha.

Kwa hiyo kitufe cha nyuma sasa kina nukta mbili nyekundu.
Ya chini ni yangu, ya asubuhi.
Ya juu, upana wa ukucha tu, ni ya mtoto.
Soksi haijatoka,
na Otiato ameapa hatatusamehe soksi mpaka kaburini.

Saa nane huwa nimeshaamka, lakini siondoki kitandani.
Naihisi chini ya mgongo, ndogo, ya mbali,
kama mtu anayepigapiga mgongo wa mtu mwingine.
Nangoja na mimi.
Halafu Nyaboke, huko chini, anagonga bomba la maji kwa kijiko,
mara moja, ti:
amelala.