Maji Mafu

Leo maji mafu, kasema Mize,
ndiyo siku ya wanaoanza.
Mkondo wa Mtambwe umelala,
hauvuti, hausukumi.
Kipupwe. Saa kumi na mbili na nusu,
meno yanagongana juu ya jaketi la rangi ya chungwa
lenye jasho la mgeni aliyelivaa jana.

Miaka ishirini na tatu nalima mwani.
Bahari naijua kwa magoti:
pale panachoma, pale pana wembe wa chaza,
pale tope hula kandambili.
Kifuani sijawahi kuipa ruhusa.

"Piga magoti kwanza, shangazi."
Hilo sifundishwi.
"Simama. Tazama mbele, usitazame miguu."
Hilo gumu.
Riziki yangu yote ilikuwa miguuni.

Nikasimama.
Ubao ukatetemeka, au mimi, hatukuulizana.
Kafi likashika maji,
mikoko ikaanza kurudi nyuma
na mizizi nje, kama watu waliokunja suruali.

Kisha nikaanguka, bila shaka.
Baridi ikanikamata kisogo kama mkunga.
Kumbe chumvi ina mlango wake puani!
Nikaibuka, mtandio shingoni,
Mize kashika mkanda wa jaketi, anacheka,
nikamtukana kidogo,
kisha nikauliza:
kamba zangu ziko wapi kutoka hapa?

Akanyoosha kafi.
Vile vijiti,
vinavyonikunja mgongo kila bamvua,
vilikuwa njiti za kiberiti zilizokwisha waka.

Shika ubao, nikamwambia.
Maji yalikuwa yameanza kujaa.