Mkungu na Ukungu

Kila Alhamisi, mvua ikiwa bado juu ya mabati,
tunakutana nyuma ya cherehani za Bupe, Tukuyu mjini,
watu watatu na jiko moja la mkaa.
Sheria ni moja: atakayesema "nzuri" analipia chai.
"Nzuri," alisema Gwamaka, "ni mlango unaofungwa kwa adabu."
Gwamaka huchora vibao vya bucha.
Ng'ombe wake wote wanacheka.

Siku ile zamu ilikuwa yangu.
Niliegemeza ubao ukutani, nikauvua kitenge:
mama yangu, asubuhi, anashuka kwenda sokoni,
mkungu wa ndizi kichwani, Rungwe nyuma yake.
Miezi miwili. Kijani nilikiagiza Mbeya,
kopo dogo kwa bei ya debe la viazi.

Kimya. Mkaa ukapasuka.
Bupe akauma uzi, akautema,
akasogea, akarudi kinyumenyume mpaka meza ikamzuia.
"Mkungu huu umeukata wapi?"
Shambani kwetu, Ibighi.
"Hauna uzito. Umejaa hewa.
Tazama shingo, imesimama kama ya bibi harusi
anayengoja kupigwa picha.
Shingo hii haijaambiwa kuwa juu yake kuna kitu."
"Na kisigino," Gwamaka akadakia,
"kwenye udongo ule, na mvua ile?
Mama yako angekuwa mtaroni zamani."

Nilicheka. Yaani meno yalicheka.
Njiani nikamjibu Bupe peke yangu,
majibu makali, ya kupendeza sana,
kutoka stendi mpaka mashamba ya chai yanapoanzia:
wewe unajua nini zaidi ya pindo na vifungo?
Mvua ilinisikiliza yote. Haikunitetea.

Siku tatu ubao ulitazama ukuta.

Ya nne, Mama akiwa kanisani, nilikata mkungu.
Nikasokota ngata ya majani ya mgomba makavu,
nikajitwika.
Kwanza shingo ilizama mabegani kama msumari.
Kisha mgongo ukauliza, kiuno kikajibu,
na kidole gumba cha mguu kikaushika udongo
jinsi mtoto anavyoshika kitenge cha mama kwenye msongamano.
Nilifika mparachichi wa jirani, nikatua.
Nikakaa juu ya jasho langu.
Mama hufika mpaka sokoni.
Miaka thelathini hufika mpaka sokoni,
na mimi nilimchora hana mzigo.

Nikaikwangua shingo kwa kisu cha jikoni.
Usiku, taa ikivuta moshi, nilipaka, nikafuta,
nikapaka tena kwa kumbukumbu ya maumivu,
ambayo kwangu ilikuwa bado mbichi, hapa, chini ya kisogo.

Alhamisi nyingine.
Bupe alitazama, akashika shingo yake mwenyewe
bila kujua kwamba ameishika.
Ningeridhika na hilo. Bupe hakuridhika.
"Haya, mkungu umekuwa mkungu. Sasa ukungu.
Umeupaka mweupe kama sare ya nesi.
Umewahi kuutazama, au unaujua tu?"
Gwamaka hakutia neno.
Alitafuta viatu vyake, akaenda kununua chai,
akalipa,
wala hakusema kwa nini.

Sasa ni alfajiri. Nimekaa mlangoni na blanketi,
brashi haijaloa.
Ukungu unapanda kutoka bondeni.
Una zambarau ya kucha zenye baridi.
Una moshi wa jiko la kina Atupele.
Na pale unapopita juu ya chai
una kijani ambacho hakijawahi kutiwa kwenye kopo.
Nyeupe naitafuta. Bado sijaiona.

Mama anapita, amejitwika.
"Unaangalia nini tangu usiku?"
ananiuliza,
bila kugeuza shingo.