Kilo Nne

Mimi karani wa ghala, Mahuta wanijuao,
Kalamu kanipa kula, na wanangu ada zao,
Kwa kila gunia, hila: kilo nne, jasho lao,
Wakatia dole lao, wakashukuru, jamani.

Chipaula akanuka, mithili ya bibo bovu,
Harusini akifika, watu wageuza mbavu,
Na uchaguzi wazuka, kura haziji kwa nguvu,
Akapata wazo pevu: mpira wa vijijini.

Jezi, nyavu na viatu, kwa timu kumi na sita,
Mgongo wa kila mtu, jina lake likapita,
Akaniita: “Mwanetu, kipaza chakutafuta!”
Kila goli nikaita jina lake hadharani.

Wapiga picha wa Lindi wakaja na pikipiki,
Kambeba mwana wa fundi, akamlambisha keki,
Akajiita “Mshindi wa amani na wa haki”,
Ghala la panya lukuki likabaki kivulini.

Nisifiche: nilipenda vumbi lile na kelele,
Hata Somoe Nantenda akapiga vigelele,
Kilo zake zilokwenda, kazisamehe, za kale;
Wavu ukicheza vile, hufutika hata deni.

Fainali, Jumamosi, tukashinda mbili bila,
Zawadi: ng'ombe mweusi, na sukari, si ya hila,
Kilo hamsini, basi, anaapa kwa Jalala,
Jina lake, siyo Mola, limechapwa mfukoni.

Nahodha wetu Likwata, Somoe ndiye mamaye,
Kombe hakulikamata, kaitoa sautiye:
“Mizani ya ghala, leta, ipime, tuipokeye!”
Chipaula, kama siye, akacheka: “Ileteni!”

Mizani ile ya mwaka, mkono wangu wajuta,
Sukari yaning'inika, mshale wasitasita,
Mwishoni umejiweka: arobaini na sita.
Watu kimya kama kuta, ng'ombe alia pembeni.

Ama kaapa uongo, ama mizani ni mwizi.
Akanitazama, shingo inatoka mchirizi,
Anong'ona kwa usongo: “Hamsini! Soma wazi!”
Jezi yangu, yake jezi, ikabana kifuani.

Mwenzangu, nilichosema, hesabu tu kwa kidole:
Mistari yangu mizima, kumi na sita milele,
Huu wa mwisho nakwama, wapungua nne zile,
Nazo ni haki za wale mashambani.