Daftari la Matone

Saa sita usiku namdunga Kavutha dawa,
gramu moja, polepole, mkono wa kushoto.
Kisha naandika. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa:
kuandika dawa ilivyoingia, halafu kuingoja itoke.

Chupa ya mkojo chini ya kitanda.
Chupa ya nyongo ubavuni, kwenye mrija
ulioachwa baada ya kutolewa vijiwe kumi na vinne.
Alivihesabu mwenyewe. Ni mtu wa Gikomba,
miaka ishirini anahesabu vifungo vya mashati ya watu.

"Mnanitilia mkononi, mnanitolea ubavuni," anasema.
"Dawa hii mmenipa, au mmenikopesha?"

Nilicheka. Jibu sikuwa nalo.

Siku ya kwanza nyongo yake ilikuwa tupu.
Ini lilifungiwa mlango wiki tatu,
hata macho yakageuka rangi ya bizari,
na mlango ulipofunguliwa halikuamini, likakaa tu.
Figo zikajitwika mzigo usio wao,
dawa yote ikateremkia kwenye mkojo.

Wahenga walisema nyongo mkalia ini.
Hawakusema ini hubaki vipi
mfuko wa jirani yake ukishakatwa na kutupwa.

Siku ya pili, chembe.
Siku ya tatu stima ikapotea, kuanzia Ngara hadi kwetu,
nami nikaketi gizani na ndoo ya barafu mapajani,
sampuli sita ndani yake,
nikiomba jenereta kama mtu anayeomba mvua.

Siku ya tano, alfajiri, baridi ya Julai imeganda viooni,
nyongo ikashuka nzito, rangi ya mafuta ya simsim,
na ndani yake dawa:
mara tatu ya ile iliyokuwa damuni.
Nikapima tena. Nilidhani nimekosea nukta.

Sikumtajia namba. Nilimwambia,
"Ini lako limerudi kazini."
Akauliza kama litakatwa mshahara wa siku lilizokosa.

Daftarini kuna safu moja siwezi kuijaza:
ya kile kiasi kisichoonekana mkojoni
wala kwenye nyongo. Kila mgonjwa anacho.
Kavutha alikwenda na chake Kariobangi, Jumamosi,
ndani ya koti la mzungu asiyemjua,
vifungo vyote vimefungwa,
isipokuwa kile cha ubavuni.