Spika Juu ya Viazi

Ya kushoto ni ya mbao, nzito kama mtoto aliyelala.
Niliinunua Sido kwa Ambakisye,
elfu kumi na nane na maneno mengi.
Ya kulia ni ya plastiki, ilitoka baa iliyofungwa Tukuyu,
bado inanuka bia.

Waya nimeumenya kwa meno.
Nyekundu kwa nyekundu; nyeusi sikuwa nayo,
nikaunga wa pasi.

Moja juu ya stuli, moja juu ya kiroba cha viazi.
Ya mbao inanguruma, ya plastiki inapiga chafya.
Nazungusha kitufe: kushoto, kulia, kushoto kidogo,
nasogeza stuli, narudi kitini. Bado.
"Uji umepoa," anasema Subilaga.

Mvua ya Uyole ikashuka juu ya bati,
ikazila sauti zote mbili bila kuchagua.

Ilipokata, nikasikia:
si kitini. Ni pale mlangoni
alipokaa mama akimenya viazi
(kumbe anavichomoa kirobani, kimoja kimoja,
spika imeshuka vidole vinne),
pale ndipo zinapokutana, tarumbeta na besi,
mbele ya sikio lake moja linalosikia.

Nikachutama kando yake.
Akanipa kisu.