Saa Tisa na Dakika Kumi na Mbili

Kwa anayehusika.

Jina langu ni Mgeni binti Haji Kombo,
mlezi wa wazee, zamu ya usiku, Northampton,
mji ulioshona viatu vya watu wengine
hadi viwanda vikafungwa, vikageuzwa fleti.
Nambari yangu ya mteja mnayo.
Kadi yangu mliijua kabla hamjanijua mimi.

Mashine yenu ilikuwa ikinisalimu: Karibu tena, Mgeni!
Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, jikoni kwa wazee,
birika likichemka, Bi Doreen akikohoa ghorofani.
Kwetu mgeni hukaa siku mbili,
ya tatu hupewa jembe.
Nyinyi mlinipa mizunguko ishirini ya bure,
jembe nikalinunua mwenyewe,
pauni kumi, pauni kumi, pauni thelathini,
nikalima mpaka kunakucha
shamba lililopandwa mbegu za kuchemsha.

Sasa shauri lenyewe.
Usiku wa tarehe kumi na nne Novemba,
saa tisa na dakika kumi na mbili,
matikiti matatu yalisimama kwenye mstari.
Matatu. Niliyahesabu kwa kidole, nikagusa kioo.
Kisha picha ikaganda, kiduara kikazunguka,
na iliporudi
yalikuwa mawili, na ndimu.

Nikawaandikia. Akanijibu mtu aitwaye Bella
kwa sekunde moja, na kiua mwishoni mwa sentensi.
Bella alisikitika. Bella alisema ni mtandao wangu.
Nilipomuuliza, umekula nini leo, Bella?
alisikitika tena, kwa maneno yale yale.

Maktabani, kila Alhamisi, hukaa Bwana Pridmore,
sweta lina tundu kiwikoni, anasaidia watu fomu.
Hakunihubiria. Alisema: waambie wakupe kumbukumbu zako zote,
sheria inawalazimu.

Mkaleta. Kurasa mia mbili na kumi na moja.
Nilikaa nazo sakafuni, kalamu ya manjano mkononi,
nikiwinda wizi wenu kama wakili,
na wa kwanza kukamatwa nikawa mimi.
Usiku wa Idi, nipo.
Siku ya mahafali ya Khatibu, nipo, tena mara mbili.
Tarehe kumi na moja Machi, saa mbili asubuhi,
dada yangu Time yuko kwenye simu, analia,
anasema mama hamtambui mtu tangu jana,
nami najibu ndiyo, ndiyo, tuvute subira,
hapo mnaonyesha mizunguko thelathini na minane.
Sikujua kama kuna mahali yanaandikwa.

Hilo si lenu. Hilo nitalijibu kwingine.

Lakini ukurasa wa mia na themanini na saba
una saa tisa na kumi na moja,
una saa tisa na kumi na tatu.
Nimeugeuza, nimeutazama kwenye mwanga wa dirisha.
Kumi na mbili haipo.
Mmenitunzia aibu yangu yote, na sekunde zake,
mkaja kupoteza dakika moja tu,
ile.

Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Basi nilikuja, usiku baada ya usiku,
na mwenyeji amepona, amenenepa, amejenga.
Siombi mnirudishie pauni elfu mbili mia tatu na arobaini.
La, nasema uongo. Naziomba, kodi ni Ijumaa.
Ila kwanza leteni dakika.

Makao yenu, nimesoma kwa maandishi madogo,
yako kisiwani. Na mimi nimezaliwa kisiwani.
Najua kule hakuna pa kujificha kwa muda mrefu,
mtu akipika pweza, mtaa mzima unajua.

Mkinyamaza wiki nane, naenda kwa msuluhishi.
Nakala anayo Bwana Pridmore.
Stempu ni ya daraja la kwanza.
Nimeilipia kwa sarafu.