Vidole Vitano

Kidole kimoja hakivunji chawa, husema watu.
Mimi nilikuwa navyo kumi.
Kwa vidole hivyo nilipasua kuni, nikaziba paa,
nikamzika Kanesuke, nikabomoa banda lake la kuku
na mbao zake nikazifanya rafu.
Majira ishirini ya baridi nimepanda juu ya paa hili
kuishusha theluji peke yangu,
kipande kwa kipande, kama mtu akataye sabuni.
Mwanangu hupiga simu kutoka Sendai: Mama, tafuta mtu.
Humjibu: Mtu yupo. Ndiye unayeongea naye.

Mwezi wa kwanza, tarehe tisa, ngazi iliteleza.
Si sana. Ilitosha kwa kifundo cha mkono.
Daktari akanifunga plasta hadi kiwikoni,
akauliza, Nyumbani unaishi na nani?
Nikatazama dirishani. Ilikuwa inaanza tena,
kubwa kubwa, bila haraka,
kama mgeni anayejua kuwa atalala.

Usiku wa tatu boriti zililia.
Nyumba ya mbao haipigi kelele bure.
Nililala nikikadiria: sentimita themanini, tisini,
na gizani nikalijaribu neno.
Naomba.
Kinywani lilikuwa kama jiwe kwenye wali.

Asubuhi nikaenda kwa Seigo, ng'ambo ya barabara,
na figili za moshi kwenye bakuli.
Nikasema: Nimekuletea figili.
Akashukuru. Nikarudi nyumbani.
Mchana nikaenda tena: Nimefuata bakuli.
Akanipa bakuli. Nikarudi nyumbani.
Jioni sikuwa na kisingizio mkononi,
na mkono wenyewe ulikuwa mmoja.
Nilisimama kizingitini, theluji ikinijaa mabegani,
nikasema kwa sauti ya mtu anayegombana:
Paa langu. Siwezi.
Alikuwa ameshaanza kuvaa buti.

Sasa nisikilizeni, maana hapa hakuna aliyenionya.
Kuomba ni nusu. Nusu ya pili
ni kusimama chini na kufunga mdomo.
Seigo alianzia upande usiofaa.
Alishika beleshi kama anayekoroga uji.
Theluji yote akaimwaga juu ya mkamelia wangu,
nilioupanda mwaka aliozaliwa mwanangu,
na tawi moja likavunjika, ta!, pamoja na vitumba vyake.
Ulimi ukanyanyuka.
Nikauuma.
Nikaenda kuchemsha chai.

Aliinywa amesimama, mvuke ukimtoka kichwani.
Akasema kule juu mto unaonekana wote, hadi darajani,
hakujua kwamba nyumba yangu ina bahati hiyo.
Miaka ishirini. Mimi niliangalia theluji tu.

Akaondoka. Nikabaki na jikoni, na mtungi wa miso
ambao kifuniko chake kilinishinda siku tatu,
nimeubana kwa magoti, nimeutukana.
Ajabu: paa ni paa, yeyote huweza kuombea paa.
Lakini kifuniko!
Nikafungua dirisha. Alikuwa amefika katikati ya barabara.
Wewe, Seigo, niliita,
na neno lile likatoka, jiwe na yote,
na baridi nzima ikaingia ndani.